Nyamvula na Mstari wa "Ila"

Marehemu Nyamvula Jefwa alizaliwa tarehe 14 Aprili 1958, Mtopanga, Kisauni, mtoto wa pili wa Mzee Jefwa Tsuma na Mama Sidi. Masika yalikuwa yamepamba moto na paa likivuja, kwa hiyo jina halikutafutwa: Nyamvula, yaani wa mvua.

Alisoma papa hapa Kisauni, kisha mwaka 1979 akaenda Nairobi kujifunza kuandika programu za kompyuta. Majirani walipomwuliza marehemu baba bintiye asomea nini, alijibu, "Kazi ya kukaa."

Mwaka 1983 aliajiriwa na kampuni ya uwakala wa mizigo, Changamwe. Programu zao zilikuwa nyingi na zimeshikana kama nyavu kuukuu. Ukigusa hesabu ya ushuru tu, zote zaundwa upya. Moja ikikataa, zote zalala. Nyamvula alizigawa vipande, kila kimoja kiundwe peke yake, lakini kwa sharti: katika mstari wa kwanza kitaje kinachohitaji kutoka kwa wenzake. Mstari huo aliuita ILA. Sisi wa Pwani twajua: ukiulizwa hali wajibu "sijambo" kwanza, halafu ndipo useme "ila mguu waniuma."

Mkubwa wake, mtu wa bara, alimaka: "Nyamvula, hii ni kompyuta au baraza?"

"Bwana mkubwa, kisichosema ila yake hakiundwi."

Na kweli mashine ilikikataa. Kufikia mwaka 1991 ofisi nzima ilifuata mpango wake.

Katikati ya hayo, Desemba 1986, alifunga ndoa na Bwana Dishon Kombe wa Kiembeni. Walijaliwa Kadzo na Chengo.

Mwaka 1996 alianza kukonda. Mama akimwuliza, "Mwanangu, u mzima?" hujibu, "Salama, mama." Dishon naye aliambiwa salama. Mimi kaka yake, Tsuma, nilimkabili jikoni kwake: "Salama gani hiyo, nguo zakuvuka?" Akacheka, akanimiminia chai.

Tarehe 3 Agosti 1998 alianguka kazini. Daktari alitwambia uvimbe ulikuwamo tumboni siku nyingi, na mgonjwa mwenyewe alikuwa akijua. Lau angekuja mapema, ungekatwa. Jamani! Hata leo, mbele ya jeneza lake, nina hasira naye. Mtu aliyekikatalia kipande cha programu kunyamaza, yeye alinyamaza miaka miwili. Dishon alimwuliza kitandani, "Mbona hukusema, mama Kadzo?"

"Kila siku mlikuwa na shida zenu," akasema. "Nilingoja mmalize kwanza."

Alifariki tarehe 21 Septemba 1998, Dishon akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto wawili, mama mzazi, na sisi ndugu zake watatu. Mungu amlaze pema, mahali asipohitaji kuvumilia. Nanyi wenzetu, mkituuliza hali tukitoka hapa kaburini, tutawajibu kama tulivyolelewa: tu salama, ila Nyamvula hatunaye.