Bi Hebu, Mtunzi wa Visa Arobaini vya Dirisha la Dawa

Ndugu, jamaa na marafiki, tunawashukuru kwa kufika. Walio nyuma wasogee wasikie vizuri. Anayesoma wasifu huu ni mdogo wake marehemu, kitindamimba wa mama. Wakubwa wamemwambia asome kwa upole. Atajaribu.

Marehemu dada yetu alizaliwa alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa pili kati ya watano wa baba mshona viatu na mama aliyekuwa akifua mashuka ya hospitali. Mama anasema alizaliwa amekunja uso, kama mtu aliyekatizwa maneno yake, na kwamba uso ule haukukunjuka vizuri hadi alipofikisha miaka mitatu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1978 hadi 1984. Kwenye ripoti ya darasa la tano mwalimu wa hesabu aliandika maneno mawili tu: "Anauliza sana." Baba, masikini, alidhani ni sifa, akaibandika ripoti ukutani, wageni wote wakaisoma. Alimaliza sekondari mwaka 1988, na kuanzia 1990 hadi 1993 alisomea stashahada ya ufamasia. Alimaliza akiwa wa tatu katika darasa la watu ishirini na wanane. Wa kwanza na wa pili hakuwahi kuwasamehe.

Tarehe 1 Februari 1994 aliajiriwa na kampuni moja yenye maduka ya dawa, akawekwa dirishani. Waliowahi kununua dawa pale wanalikumbuka dirisha lile: kioo kizima, chini kina tundu la nusu duara, na mteja lazima ainame ndipo asikike. Marehemu alikuwa akimwambia kila mteja, "Hebu simama wima, mimi ndiye nitakayeinama." Kwa ajili ya hiyo "hebu" yake akabatizwa jina la Bi Hebu, na wengi wenu hapa jina lake jingine hamlijui.

Ndoa yake nayo ilianzia dukani. Mwaka 1997 jokofu la kuhifadhia chanjo liliharibika, akaitwa fundi. Fundi alimaliza, akaeleza jinsi ya kulitunza, akachukua mkoba wake aondoke. Marehemu akamzuia mlangoni: "Subiri. Sasa nikueleze mimi, uone kama nimekuelewa." Fundi anasema miaka yote ya kutengeneza majokofu hakuna mteja aliyewahi kumsikiliza namna ile. Walifunga ndoa tarehe 22 Agosti 1998, wakajaliwa binti na mvulana. Fundi ndiye huyu aliyekaa hapa mbele, na amekataa kabisa kupewa kiti chenye mto.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo tumeombwa tulipitie juujuu. Hatutalipitia juujuu.

Mwaka 2004 mama mmoja alikuja dirishani na cheti cha dawa ya mtoto, ile ya unga inayochanganywa na maji yaliyochemshwa yakapoa. Alikuwa amefika na hasira kwa sababu ya foleni. Marehemu alimtuliza, akamweleza, akatabasamu. Yule mama aliitikia kwa kichwa kila alichoambiwa, akashukuru, akaondoka. Siku nne baadaye mtoto alilazwa. Mama alikuwa akimlambisha unga mkavu kwa ncha ya kijiko. Mtoto alikaa wodini siku kumi na moja, akapona.

"Nilimhudumia vizuri kabisa," marehemu alikuwa akitusimulia, "na nusura nimuue mtoto wake. Aliitikia, nami nikaridhika. Kwa nini niliridhika?" Tulimwambia yaliyopita yamepita. Alitutazama kama tumemtukana.

Mwaka 2013 alihamishiwa idara ya mafunzo, na tarehe 4 Aprili 2016 kozi yake ya huduma kwa wateja ikawekwa mtandaoni. Ilikuwa na visa arobaini. Mteja anatokea kwenye skrini na shida yake, chini kuna majibu matatu, mhudumu anabonyeza moja. Wahudumu mia nne na kumi na wawili waliifanya, wakapata wastani wa asilimia tisini na saba. Vyeti vikagawiwa. Mkuu wa idara akapongezwa, akapiga picha.

Jumamosi moja mwaka uliofuata, fundi alikuwa akisubiri chai, akaanza kubonyezabonyeza kwenye kompyuta ya mkewe. Chai haijaiva, amemaliza. Asilimia mia. Huyu mtu hajui kutofautisha dawa ya kikohozi na mafuta ya breki.

"Umefanyaje?" marehemu akauliza.

"Nimechagua jibu refu."

"Kote?"

"Kila mahali jibu refu ndilo sahihi, mke wangu. Sijasoma hata moja."

Marehemu alikaa chini. Ilikuwa kweli. Yale majibu sahihi aliyaandika kwa mapenzi, akayajazia adabu na maelezo, na yale yasiyo sahihi akayaandika haraka. Visa vyote arobaini. Kumbe wahudumu walishaambiana kitambo, nchi nzima, kuwa jibu refu ndilo. Chai ilipoa mezani na hakuna aliyethubutu kuiondoa.

Jumatatu alikwenda kwa mkuu wa idara kukiri kosa lake mwenyewe. Jamani, mtu amekwenda kujishtaki! Akajibiwa, "Matokeo ni mazuri mno. Tusiyaguse."

Basi akaiandika kozi upya nyumbani, kila Jumamosi, kwa miaka miwili. Majibu yakawa na urefu mmoja. Wateja wake wapya walidanganya, walinyamaza, walikuja na wake wa watu wengine. Kisa cha tisa ndicho alichokipenda na ndicho kilichomtesa: mzee anayesema "nimeelewa" kwa kila kitu. Jibu sahihi ni kumwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyoimeza dawa akifika nyumbani, na akikosea, kuanza upya. Hilo huchukua dakika nne na zaidi. Kanuni ya kampuni ni dakika mbili kwa mteja.

Mwaka 2019 kozi mpya ilijaribiwa kwa wahudumu thelathini. Walipata wastani wa asilimia arobaini na moja.

"Umetuharibia kozi," mkuu wa idara akasema.

"Sijaiharibu. Nimeipima."

Ikawekwa kabatini. Marehemu aliomba kikao. Kikao kikaahirishwa. Akaomba tena. Wanafamilia tulichoka kusikia habari za kikao, na leo tunaona aibu kulisema hilo, lakini ni kweli, tulikuwa tukimwambia, "Dada, achana nao." Hakuachana nao.

Mwezi Desemba 2022 alianza kuvimba miguu na kukosa pumzi, akagundulika kuwa na ugonjwa wa moyo. Alipotoka hospitali mwezi Januari, fundi alimpeleka duka la karibu kuchukua dawa, na duka lenyewe ni la kampuni ileile. Mhudumu wa dirishani, mwanamke wa makamo, aliweka vidonge kwenye bahasha bila kuinua macho, akasema, "Pole sana kwa usumbufu, mama. Ninaelewa unavyojisikia. Karibu tena."

Marehemu akauliza, "Hebu niambie, hiki cha kupunguza maji nakimeza saa ngapi?"

"Imeandikwa hapo, mama."

Hakuna kilichoandikwa zaidi ya "moja mara moja", bila saa. Alirudi nyumbani akaitupa bahasha mezani. "Ameniambia maneno yangu mwenyewe!" alifoka. "Kisa cha kwanza, jibu refu, neno kwa neno! Na hakunitazama hata mara moja!" Kisha alilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira tupu.

Wiki iliyofuata alirudi pale, akajitambulisha. Mhudumu alitamani ardhi ipasuke. Lakini marehemu hakwenda kugomba, alikwenda kumwalika. Kuanzia hapo mhudumu yule, mama wa watoto watatu, alitumia Jumapili zake mezani kwa Bi Hebu akipambana na visa vile arobaini. Alifeli mara ya kwanza. Alifeli ya pili. Ya tatu alikwama kwenye kisa cha tisa, akasukuma kiti nyuma.

"Mama, nikifanya hivi nitafukuzwa kazi."

"Najua."

"Sasa unataka nifanyeje?"

"Nataka ujue kwanza. Kufukuzwa tutaongea baadaye."

Alifaulu Jumapili, tarehe 21 Mei 2023. Marehemu hakuweza tena kuinuka kitandani, akadai aletewe kompyuta aone alama kwa macho yake. Tarehe 30 Mei ulikuja ujumbe kwamba kikao kimeahirishwa kwa mara ya tano. Aliusoma, akasema, "Wajinga hawa," akageukia ukutani. Alifariki wodini Jumanne, tarehe 6 Juni 2023, saa nne na dakika ishirini asubuhi, fundi akiwa amemshika mkono.

Juzi Alhamisi shinikizo la damu la mama yetu lilipanda kwa ajili ya msiba huu, daktari akambadilishia dawa. Anayesoma wasifu huu ndiye aliyempeleka dukani. Dirishani alikuwapo mhudumu yuleyule. Alimweleza mama, na mama akasema, "Nimeelewa, mwanangu, asante." Mhudumu hakumwachia bahasha. Akamwambia, "Niambie, mama, ukifika nyumbani utavimeza vipi?"

"Viwili asubuhi, viwili jioni."

Ilikuwa kimoja, asubuhi tu. Mhudumu akatoka nyuma ya kioo, akaketi na mama kwenye benchi, akaanza upya. Nyuma yetu walikuwa watu tisa. Mmoja akapaza sauti, "Jamani, sisi si watu?" Hata msomaji huyu, na Mungu amsamehe, alimnong'oneza, "Dada, tutamweleza nyumbani, wahudumie wenzetu." Mhudumu akatikisa kichwa. Mama alikosea mara ya pili. Mara ya tatu akapatia, akarudia tena bila kuulizwa. Zilikwenda dakika sita.

Jana mhudumu huyo amepewa onyo la maandishi kwa kuchelewesha wateja. Nakala tunayo.

Marehemu ameacha mume, binti mmoja, mwana mmoja na mjukuu mmoja. Ameacha mama, kaka na wadogo watatu. Ameacha kozi iliyokamilika, visa arobaini, ambayo mpaka leo ameifaulu mtu mmoja tu, na mtu huyo yuko hapa, amesimama pembeni na sare yake kwa sababu amepewa ruhusa ya saa moja.

Mkuu wa idara, tumekuona safu ya pili. Asante kwa kuja, na asante kwa shada. Ulitutumia habari kwamba suala la kozi tutaliongea baada ya mazishi. Sawa. Lakini onyo halihitaji kikao, linahitaji kalamu. Kama dakika zile sita zisingetumika, bibi huyu unayemwona hapa mbele angekuwa anameza vidonge vinne kwa siku badala ya kimoja, na leo pengine tungekuwa tunachimba makaburi mawili. Lifute. Kalamu ipo, fundi anayo mfukoni.

Mungu ampokee dada yetu. Dada, pumzika kwa amani. Hasira tuachie sisi.