Mboni za Salkhu

Njooni karibu, wanangu. Na wewe Moyna, acha kwanza kuponda hayo majani, rangi ya kijani haitaharibika kwa kungoja, ila pumzi yangu sina hakika nayo. Haradhan, kaa upande huu, wa sikio linalosikia. Mlango uacheni wazi. Napenda harufu ya maua ya mahua inavyoingia, na hao wanawake wanaoyaokota bondeni nawasikia wakitaniana, lakini tangu asubuhi sijui vizuri ni wepi walio hai na ni wepi niliokwisha kuwachora.

Nianze na mali, maana ni kidogo na haitatuchosha. Nyumba na mbuzi wawili ni vyenu nyote. Vile vijiji saba vya Wasantali nilivyoachiwa na baba yangu, ambako mtu akifa hakuna mchoraji mwingine anayethubutu kupiga hodi, vinne vya kaskazini ni vya Haradhan akivitaka, na vitatu vya ng'ambo ya mto Mayurakshi ni vya Moyna. Asije mtu akasema mwanamke hazunguki na mfuko wa picha, mkono wake ni mwepesi kuliko wangu nilipokuwa na umri wake. Ile brashi nyembamba ya manyoya ya mbuzi, ya kutilia mboni, sijaigawa, nanyi mmeona kwamba sijaigawa. Hiyo ina maneno yake.

Haradhan, najua unaionea haya kazi yetu. Siku ile uliporudi kutoka mjini ulinisimamia hapo uani ukasema, "Baba, watu wanatuita matapeli. Mtu kafiwa juzi, leo unampelekea picha ya marehemu wake haina mboni, unamwambia maskini, kipofu huyo, anapapasa njia huko aliko, toa chochote nimtie macho. Sasa huo si utapeli ni nini?" Nami nikakuapia kwa rangi zangu kwamba kila niliyemtia mboni alikuwa amekufa kweli, na kwamba alikwenda zake anaona. Ulininyamazia kwa heshima, mwanangu, na heshima ile imenichoma miaka kumi na moja, kwa sababu nilikudanganya. Yuko mmoja.

Mlikuwa hamjazaliwa. Nilikuwa stesheni ya Rampurhat nangoja mvua ipungue, nikamwona Salkhu Hansda, mtoto wa pekee wa mjane mmoja wa Kendpahari aitwaye Maino, ameketi na msichana nisiyemjua, wana furushi moja wote wawili. Msichana akaniambia jina lake, Pungi, tena Pungi Hansda. Ukoo mmoja, na wa ukoo mmoja hawaoani! Mnawajua Wasantali kwa jambo hilo. Wangejulikana, vijiji vingekusanyika na ngoma zao vikamvunjia Maino jiko lake, vikamchafulia ua, na mpaka anakufa asingepewa kaa la moto na jirani.

Salkhu akanishika mkono. "Kaka, umetuona."

"Nimewaona."

"Basi hukutuona. Sisi tunapanda treni, tunakwenda kwenye mashamba ya chai. Huko nyumbani watu wameshaanza kunong'ona. Mimi nimekufa, kaka. Sema homa imeniua njiani. Nichore, umpelekee mama."

"Una wazimu? Nimtie mboni mtu anayepumua?"

"Nikiwa hai watanitafuta, na wakinitafuta watajua niko na nani. Nikifa, nani atanitafuta?"

Na yule binti, machozi yanamtoka, akasema, "Mchore na filimbi yake, mama atamtambua."

Nikamchora na filimbi. Maino aliishika karatasi kwa mikono miwili, akasema, "Pua umeikosea, mchoraji. Hii ni ya baba yake. Mwanangu pua yake ndogo." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kuwa kitu kingine, akaingia ndani akatoka na sahani ya shaba aliyoolewa nayo. "Haya, mtie macho asije akajikwaa." Nikachovya brashi kwenye masizi, nikaweka nukta mbili, na mkono wangu haukutetemeka, wanangu. Hilo ndilo linaloniaibisha hata leo. Akaniambia, "Sasa ananiona." Siku hiyo alilala usingizi, majirani walinihadithia.

Aliishi miaka kumi na tisa baadaye, na jiko lake halikuvunjwa. Kila sikukuu ya mavuno nilipopita alinikaribisha pombe ya mchele, akaniomba nimtolee ile picha mfukoni mwangu, akaipasha habari za ng'ombe. Alipokufa nilimchora kwa moyo wangu wote na sikupokea kitu kwa mtu. Nilimpa macho makubwa, maangavu. Na ndiyo hayo anayomtafutia mwanawe.

Kwa maana huwa anakuja. Nikisinzia mchana namwona anaokota mahua, ila huko maua hayaanguki, yanapanda polepole kutoka kwenye kikapu chake yakirudi mtini, naye hajali, anaokota tu. Mwanzoni alikuwa akinitania. "Mchoraji, kazi yako mbovu. Nimepita kila ua huku. Baba yake nimemwona, kaka zangu nimewaona, hata yule ng'ombe wangu wa madoa nimemkuta. Salkhu hayupo. Ulimtia macho, au ulitaka sahani yangu tu?" Nikifungua mdomo nimjibu, umejaa masizi. Wiki iliyopita hakuniuliza kitu. Alinitazama, akachukua kikapu chake akaenda ua wa pili. Afadhali angenitukana.

Sasa tuje kwenye wosia wenyewe. Nipeni maji kidogo... Basi, yatosha.

Majira ya baridi yaliyopita alipita mtu aliyetoka mashamba ya chai. Alisema kule Assam yuko mzee wa Kisantali, Salkhu, mkewe amekufa, meno hana, jioni huketi akielekea magharibi akapiga filimbi. Yu hai. Akifa hakuna wa kumchora huko, na huku kwetu wanajua alishachorwa. Atakwenda kipofu, mboni zile za uongo hazitamfaa, na mama yake anapita nyumba hadi nyumba.

Ile sahani sikuiuza hata mwaka wa njaa. Iko chini ya kapu la mpunga, kwenye kitambaa chekundu. Ipelekeni kwa Salkhu. Mwambieni kwamba mama yake anamtafuta. Asifanye haraka kufa, lakini ajue. Moyna, ile picha yake ya zamani iliyo mfukoni mwangu ishushe mtoni uisuguesugue mpaka mboni zile zitoke, na siku habari za kifo chake zikifika, mchore upya karatasi moja na mama yake. Pua ndogo, Moyna. Na brashi ya mboni... brashi namwachia atakayekwenda Assam na kurudi kumtia macho. Haradhan, wewe unayechukia uongo, ndiye ninayekutaka. Usinijibu sasa. Nakuona umegeuza uso, usinijibu. Kama huwezi, mpe dada yako, nami sitakuwa na kinyongo.

Msigombanie mbuzi. Mfiwa akiwa hana kitu, mtieni mtu wake macho bure, msingoje aombe. Mungu awabariki... awape wajukuu wakorofi, na mchele usiokauka chunguni. Awape mkono unaotetemeka, wanangu, pale unapopaswa kutetemeka... Mimi wangu haukutetemeka.

Nilaze kidogo, Moyna. Hivyo.

Na mimi mtanichora. Niwekeeni mfuko wangu begani. Lakini macho... macho yangu yaacheni meupe. Mkinitia mboni leo nitamwona Maino anavyotafuta, naye ataniona, na sina... sina la kumwambia. Nitapapasa tu. Siku Salkhu akifika kwa mama yake, ndipo... wewe, Haradhan, kwa mkono wako...

Mahua bado yanaanguka? Siyasikii.

Haradhan, naona umeishika. Bado, mwanangu. Weka brashi chini. Mboni bado.