Ngozi ya Punje Hushonwa na Mama: Maisha ya Dada Yetu Ferista

Ndugu waombolezaji, wenyeji wa hapa Ibaba, na ninyi wageni mliopanda mlima wetu ndani ya ukungu mkayaacha magari kule chini, poleni sana na msiba, naombeni tutulie. Akina mama mlioko jikoni, mwiko upumzike kidogo, na ninyi watani wetu, mmeshafanya yenu tangu alfajiri, sasa nipeni nafasi. Mimi ni Osea, mdogo wake marehemu, tumefuatana tumbo moja, na haya ninayosoma nimeyaandika kwa mkono wangu, kwa hiyo nikisimama kwenye neno mnisubiri, nitalivuka.

Dada yetu Ferista alizaliwa tarehe 12 Aprili 1962, hapa hapa Ibaba, mahindi yakiwa yamebeba, na mama yetu alikuwa akisimulia kwamba siku ile ukungu haukuondoka mpaka jioni, na mtoto alilala tu bila kulia, kama mtu ambaye bado anafikiria kama amefika kweli.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1971, akaishia la nne mwaka 1974, mama alipougua na nyumba ikakosa wa kuwasha moto. Baadaye sana, Jumatatu ya tarehe 3 Februari 2003, yeye na mimi tulianza pamoja darasa la watu wazima, yeye herufi zake alizikuta zimesinzia tu akaziamsha, mimi sikuwa na hata moja ya kuamsha, nikawa nafuata kidole chake. Neno la kwanza kulisoma peke yangu lilikuwa kwenye mfuko wa mbegu, nikasoma, cho-ta-ra, naye akacheka mpaka akakaa chini, akasema, "Osea, maneno yote ya dunia hii, umeanza na adui yangu!" Kwa nini adui, mtaelewa sasa hivi.

Kazi yake ilikuwa kilimo, na kilimo chake kilianza siku ya ndoa. Jumamosi ya tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na shemeji yetu Nathanaeli, huyu mnayemwona amekaa pale kwenye jamvi, na kwa desturi ya nyumba yetu binti akiolewa mama yake anamtungulia mahindi ya mbegu yaliyoning'inia juu ya moto, meusi kwa moshi, naye binti anayabeba njia nzima bila kuyaweka chini mpaka afike jikoni kwake. Mahindi yale ni ya bibi yetu, na kabla yake ya mama wa bibi, punje yake ina ngozi nene, fukusi anaizunguka anachoka, unga wake ni dona lenye nyuzinyuzi nyingi, ukila asubuhi njaa inakuja jioni, tena inakuja polepole.

Walijaliwa watoto wawili, Angel aliyezaliwa tarehe 20 Machi 1988, na Luka aliyezaliwa tarehe 9 Julai 1991.

Ndugu zangu, miaka ile biashara ilipofunguliwa, mbegu za dukani, hizo chotara, zilipanda mlima huu zikiwa kwenye mifuko inayong'aa, na mwaka 1993 shemeji kwa kumpenda mke wake alinunua mfuko mmoja, akapanda ng'ambo ya mfereji, hatua chache kutoka kwenye mahindi ya dada. Yakachanua pamoja. Dada alikuwa na wasiwasi, lakini walipovuna alichukua punje moja ya mahindi yake, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akafumba jicho moja, akaiuma kwa meno ya nyuma, ndivyo alivyopima siku zote, akakuta ngozi ni ile ile. Shemeji akamwambia, "Mama Angel, si unaona, wamepakana na hawajagombana," wakacheka, wakaining'iniza mbegu jikoni, na msimu uliofuata wakaipanda kwa amani kabisa.

Mavuno ya mwaka 1995 ndiyo yalimliza. Alikuta ngozi nyingine nene, nyingine laini kama ya harage bichi, kwenye shamba moja, na fukusi waliingia ghalani kama walioalikwa. Alisema aliota bibi amekaa kwenye jiwe la kusagia, anasaga, na unga unaotoka hauna harufu.

Mwaka huo huo alikuja hapa mtafiti wa mambo ya nafaka, Bwana Venance, ambaye leo yuko nasi, alikuwa akikusanya mahindi toka Ikinga, toka Mbangala, toka kwetu, anachunguza namna nyuzinyuzi za kwenye punje zinavyorithishwa. Dada akamuuliza, imekuwaje mwaka wa kwanza ngozi iwe salama, mwaka wa pili iharibike, nani amemloga? Venance akamwambia hakuna aliyelogwa. Akasema ngozi ya punje inashonwa na mmea ulio mama, poleni, ule unga wa maua, itoke kwa baba yeyote yule haigusi ngozi ya mwaka huo, ile ngozi ni nguo ya mama, lakini ndani ya punje baba ameshaweka sehemu yake, imenyamaza, inasubiri punje ile ioteshwe, ikue, iwe mama yenyewe, ndipo inaposhona nguo yake kwa mikono ya pande zote mbili. Akasema tena, unene ule hauletwi na kirithi kimoja, ni vingi vidogo vidogo, kila kimoja kinaleta kiasi chake kama watu wanaokuja kwenye msaragambo wa kijiji, na udongo nao unachangia, na mvua inachangia.

Dada akasema, "Kwa hiyo kilichoingia kinaweza kutolewa?" Venance akasema kinaweza, kwa uvumilivu.

Basi msimu hadi msimu, mpaka mwaka 2002, dada alichagua mimea yenye ngozi nene, akafunika mahindi machanga kwa mifuko ya kaki kabla ndevu hazijatoka, akakung'uta poleni kwa mkono wake toka mbelewele, lile ua la juu ya mmea, aliyoichagua yeye. Watu walimcheka, Enoka mtani wetu alikuwa anapita njiani anaita, "Mama Angel, wavalishe na viatu basi, Jumapili tuwapeleke kanisani!" naye anajibu toka ndani ya shamba, haonekani, ni sauti tu kwenye ukungu, "Wewe mtani, wenzako hawa angalau wananyamaza ibada ikiwa inaendelea!" Mimi nilikuwa nasimama pembeni ile asubuhi ya kuchavusha, vumbi la njano linashuka taratibu, linakaa kwenye nywele zake, kwenye kope, sikujua kama niko macho.

Ngozi ikarudi. Ila alibaki na mtihani mmoja, nao ni binti yake. Angel alihamia Tunduma mwaka 2009, akafungua mashine ya kukoboa, na siku mama yake alipomwomba aje achukue mbegu kwa sababu yeye amechoka, Angel alisema, "Mama, mpakani watu wanataka sembe nyeupe, nikimpa mteja dona ananiuliza unga nimeuangusha wapi." Dada hakumkasirikia, ila aliporudi nyumbani aliniambia, "Huyu amevaa Tunduma kwa nje. Msubirini. Yangu iko ndani imenyamaza."

Alianza kuumwa figo mwezi Juni 2013, akatibiwa hospitali ya wilaya, kisha Mbeya, na msimu uliopita hakupanda kabisa, kwa hiyo mbegu iliyobaki duniani ni ile tu iliyokuwa juu ya moto wake, na isipopandwa msimu huu haitakuwa na nguvu ya kuota. Siku za mwisho alikuwa anasema anaota shamba limechanua lenyewe, na poleni inatushukia sote tumelala, kama unga unaochekechwa toka juu. Jumatano ya tarehe 12 Novemba 2014, saa kumi na moja alfajiri, alifumba macho kama siku ile aliyozaliwa, bila sauti, ukungu ukiwa mlangoni.

Sasa niseme la leo, maana nililiongeza asubuhi hii. Watani, kama ilivyo haki yao, waliingia jikoni kwa marehemu wakatungua mahindi yale yote, Enoka akakaa nayo kando ya moto, akatangaza, "Tunayachoma! Mwenye kuyataka aje atuambie atayapanda wapi, la sivyo tunakula mbegu za mama huyu na chumvi!" Watu wakacheka, kisha wakaacha kucheka, kwa sababu hakuna aliyejitokeza. Shemeji miguu haimruhusu. Luka kazi yake iko mgodini. Mimi shamba langu limezungukwa na chotara pande zote. Ndipo Angel akatoka ndani, amejifunga khanga, akachukua hindi moja mkononi kwa Enoka, akapukuchua punje moja. Akainamisha kichwa upande wa kushoto. Akafumba jicho moja. Akaiuma kwa meno ya nyuma. Hakuna aliyemfundisha, na shemeji pale kwenye jamvi alifunika uso. Angel akasema, "Nitayapanda Ikinga, kule bondeni ambako hakuna mahindi ya mtu. Mjomba atanionyesha mifuko inavyofungwa." Enoka akamrudishia yote, akasema, "Chukua, mtani, moto wenyewe umeyakataa," na alikuwa analia.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, nawashukuru majirani mliotuchotea maji na kutukatia kuni, wenzake wa darasa la watu wazima, Bwana Venance, na watani wetu, haki yenu mmeitimiza.

Tukishamlaza, naomba ruhusa yenu niondoke matangani, najua si kawaida, lakini mawingu yameshashika mlima, mvua ya kupandia inakuja, na mimi na Angel tunateremka Ikinga leo hii, mahindi ameyabeba yeye na hatayaweka chini. Tukishafukia punje ya mwisho nitarudi hapa kukaa nanyi.

Dada, lala. Udongo wenyewe unakufahamu.