Kupungua Si Kuugua

Mgeni rasmi, mwanetu Castory, mkubwa wa ofisi huko Dodoma na mtoto wa hapa hapa Mlali, karibu nyumbani. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo tunaomba apone mmoja tu: Mama Asnath, aliyekuzaa.

HISTORIA
Sisi kikundi cha Tuinuke tulianza mwaka 1994, duka la ushirika lilipofungwa, naye Sista Ritha, muuguzi, alipopunguzwa kazi. Alituona tunavyojikokota akasema, "Mama zangu, magoti hayajafa, yamelemewa." Akatufundisha kukaa kwenye benchi na kuinuka mara kumi bila kushika kitu, kutembea polepole hadi kanisani, kupunguza mafuta na sukari. Tulipimwa kwenye mizani ya mahindi ya ushirika, tukachekana mpaka machozi.

MAFANIKIO
Mama Asnath alikuja akishikwa na wajukuu wawili. Hata chooni, utusamehe, alisubiri kuinuliwa, akilia kwa aibu. Kwa mwaka mmoja alipungua kilo kumi na nne. Asubuhi moja alitoka chooni peke yake anapiga vigelegele: "Jamani, nimeinuka mwenyewe!"

CHANGAMOTO
Ulimi hauna mfupa. Kisimani wakasema, "Bibi wa watu naye kakanyaga miwaya!" Maana siku hizi ukikonda tu, watu wameshakuzika na ukimwi wao. Maneno yakakufikia ofisini. Ukaja na gari ukamchukua, ukamlishe anenepe, watu wanyamaze. Akituaga alisema, "Castory hana roho mbaya, ana aibu tu." Tulikuwa thelathini na mmoja, tumebaki saba. Wengine wamekatazwa na watoto wao.

Tumekuja kwako Dodoma, Area D, mara tatu, juu ya lori la mahindi. Mlinzi alisema mama amepumzika. Mara ya tatu tulimsikia ndani akiita aje mtu amwinue, na hakuna aliyeitika. Tulirudi tunalia njia nzima. Hatuna sherehe yoyote leo, baba. Tumekualika kwa sababu hatukuwa na njia nyingine ya kukuona.

MAOMBI
Hatuombi fedha wala jengo. Shika kipaza sauti hicho, useme mbele ya watu kwamba mama yako hakuwa mgonjwa. Kisha umrudishe. Ikishindikana, mruhusu hata mmoja wetu aingie akamfanyishe mazoezi, maana miguu isipotumika haingoji. Siku ya msiba geti lako litakuwa wazi kwa kila mtu, na sisi tutaingia. Usituachie siku hiyo tu.

Mungu akupe masikio ya mtoto kabla ya cheo, na amtunze mama yako hadi utakapofika nyumbani kwako.

Ni sisi mama zako,
Kikundi cha Wazee Wanawake Tuinuke, Mlali.
Imesomwa na Yasinta Noeli.