Bi. Lorna Tveit na Boksi la Kumi na Mbili

Naandika wasifu huu kwa sababu Bi. Lorna Tveit, fundi mkuu wa meza ya kufungua na kujaza risasi katika karakana yetu, anastaafu Jumamosi tarehe 30 Novemba 2024, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi minane. Meneja wetu, Bwana Gus Ottley, amenikabidhi kazi hii kwa hoja kwamba mimi ndiye niliyetoka chuo kikuu hivi karibuni, hivyo kalamu yangu bado ina wino. Bi. Lorna aliridhia kwa sharti moja: kisa cha Oktoba kiandikwe chote, bila kufunikwafunikwa. "Ukikiacha," alisema, "hiyo karatasi yako nitafungia samaki."

Aliajiriwa Machi 1990 kupokea simu. Fundi wa zamani alipoanza kuona mizani mbili penye moja, Lorna aliombwa akalie kiti chake kwa wiki mbili. Hakuinuka tena.

Katika bonde letu la Montana, mwindaji mwenye ganda la shaba la baba yake hanunui risasi mpya. Ganda husafishwa, hutiwa fataki ya kuwashia kitakoni, baruti na kichwa kipya, likarudi mlimani. Lakini risasi ya kujazwa kwa mkono ikitiliwa shaka, pengine lebo imefutika au aliyeijaza ameshazikwa na kipimo chake, haipigwi wala haitupwi. Iliwekwa mezani kwa Lorna. Aliiingiza katika nyundo ya plastiki yenye uwazi ndani, akaigonga juu ya gogo: to, to, to. Kichwa cha risasi kikachomoka, baruti ikamwagika kama mchele mweusi, na ganda likabaki zima. Baruti isiyojulikana jina aliimwaga kwenye nyasi nyuma ya karakana. Majira ya kuchipua, sehemu ile huwa na kijani kizito kuliko bonde zima, na ng'ombe wa jirani husimama nje ya uzio wakiitazama kana kwamba wanakumbuka kitu.

Mlio ule wa nyundo ulikuwa na namna ya kuwapeleka watu mbali. Mchungaji wa kanisa letu la Kilutheri alisinzia kitini akingoja maganda yake hamsini. Alipoguswa bega akasema "Amina" kwa sauti ya ibada. Mjane mmoja alileta risasi ambazo marehemu mumewe aliacha chini ya ngazi. Akaketi kando ya meza, mikono mapajani, hadi ya mwisho ikafunguliwa. Kisha akauliza kwa upole kama Lorna angeweza kuendelea kugonga kidogo tu. Lorna akagonga gogo tupu kwa robo saa. Nje theluji ilikuwa ikianguka bila haraka.

Kwa miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeumizwa na risasi iliyopita mikononi mwake. Hiyo ndiyo sifa aliyoipenda, na ndiyo iliyokaribia kumponyoka.

Jumatatu tarehe 21 Oktoba, akimaliza kazi ya mteja mmoja, alirudisha baruti iliyobaki katika chupa ya kipimo. Aliirudisha kwenye kopo lisilo lake: baruti ya kasi, ya bastola, ikaingia katika kopo la baruti ya polepole, ya bunduki kubwa. Kutoka kopo hilo akajaza maboksi kumi na mawili ya risasi ishirini ishirini, na wenyewe wakaja kuyachukua kwa ajili ya msimu wa kuwinda uliokuwa ukifunguliwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi alimimina kijiko kimoja kwenye sahani nyeupe, akaona punje za maumbo mawili: vijiti, na katikati yake vigamba bapa. Mchanganyiko kama huo huweza kupasua bunduki usoni mwa mpigaji.

"Gus," alisema hatimaye, "nimefanya jambo baya. Nipe simu."

Kufikia jioni maboksi kumi na moja yalikuwa yamerudi. La kumi na mbili lilikuwa la Wendell Pruitt, mchunga ng'ombe, aliyekwisha kupanda kambini kwenye chimbuko la kijito, mahali ambapo simu haishiki.

"Nitakwenda mimi," Gus alisema. "Una miaka sabini, mama, na theluji imefika magotini."

"Wewe hata njia ya bafuni unaulizia. Lete funguo za pikapu."

Wakaenda wote wawili Ijumaa alfajiri. Yaliyofuata nimesimuliwa na wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, wala hayatofautiani. Pikapu ilikwama penye daraja, wakashika njia kwa miguu. Ukungu ulikuwa umelala kati ya misonobari, na ile inayogeuka rangi kila vuli ilikuwa ikidondosha sindano zake za dhahabu juu ya theluji, pole pole, bila upepo. Lorna anasema alitembea kama mtu aliye ndani ya usingizi wa mtu mwingine. Hakuhisi baridi wala magoti.

Kisha mlio wa bunduki ukapasua ukungu, mmoja tu.

Lorna alisimama, akaweka kiganja kwenye gome la mti. Gus alimwita kwa jina mara mbili. Walisubiri mlio wa pili, au sauti ya mtu, au chochote. Maji ya kijito yakaendelea na safari yake. Ndipo Lorna akaanza kupanda tena, na Gus anakiri kwamba alishindwa kumfikia.

Wendell alikuwa ameketi juu ya gogo, bunduki mapajani, akilipiga komeo lake la kufungulia kwa kisigino cha mkono.

"Ohoo, Mama Lorna! Umekuja kuwinda au kunipikia?"

"Ondoa mkono kwenye hiyo bunduki. Salamu baadaye."

"Nilikuwa najaribu shabaha tu. Komeo limeganda. Hii baridi, bwana..."

"Si baridi, Wendell. Ni mimi."

Akamweleza yote akiwa amesimama. Wendell alisikiliza, akatazama mikono yake, akaifumba na kuifumbua. Kisha akasogea kwenye gogo. "Basi kaa, mama. Kahawa imeiva."

Walipofanikiwa kulitoa ganda lile, fataki yake ilikuwa imekuwa bapa kwa nguvu ya mlipuko, kama sarafu iliyopitiwa na treni. Zilibaki risasi kumi na tisa.

Zilizorudi zote, mia mbili thelathini na tisa, Lorna alizifungua mwenyewe kwa siku tisa, akikataa msaada wa yeyote. Aliyasafisha maganda, akawarudishia wenyewe yakiwa matupu, akawaambia watafute fundi mwingine, kwa kuwa mikono yake haitajaza tena. Meneja alimsihi. Nami nilimsihi, kwa hoja nilizodhani ni nzuri. Akanipa kikombe cha kahawa na kuniambia ninyamaze.

Jumanne iliyopita Wendell aliingia, theluji ikiwa bado mabegani, akamwaga maganda kumi na tisa mezani. Ni ya marehemu baba yake. Maandishi ya kitako yamekwisha kufutika kwa kushikwa.

"Yajaze."

"Sijazi tena. Uliambiwa."

"Niliambiwa, nikasahau. Mzee alijaziwa na wewe mpaka anakufa. Fundi mwingine simjui na sitaki kumjua. Utajaza, nami nitapiga ya kwanza hapo nyuma, mbele ya kila mtu."

"Wewe ni mpumbavu, Wendell."

"Ndiyo, mama. Mpumbavu mwenye maganda."

Akaondoka bila kuyachukua. Maganda yalilala mezani siku tatu, Lorna akiyazunguka kama mtu anayezunguka mbwa aliyelala mlangoni.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, namshukuru Bi. Lorna Tveit kwa kila risasi aliyoifungua, na zaidi kwa ile safari ya kijitoni. Tunamwombea pumziko refu na asubuhi zisizo na haraka. Tunamwombea pia usingizi mwepesi, usio na milio ya bunduki ndani yake.

Katika ratiba ya sherehe, nafasi ya saa ilikuwa bado wazi, kwa kuwa mwenyewe alikuwa hajasema kama atahudhuria. Leo mchana alinikuta nikiandika mistari hii. Vidole vyake vilikuwa na vumbi la baruti.

"Andika Jumamosi, saa nne asubuhi, uwanja wa nyuma," alisema. "Na mwambie Wendell asichelewe."