Kunde Zilizoliwa Matangani

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, mwaka juzi, nilimzika mama yangu kwake, ndani kidogo ukitoka Isinya. Siku hiyo nilipoteza pia mbegu zake za kunde. Mama alichukuliwa na ugonjwa. Mbegu nilizipika mwenyewe.

Ndugu zangu, nimekaa katika kikundi hiki cha wafiwa miezi mingi nikisikiliza tu. Zamu yangu ikifika naomba mnipite. Mlifikiri ni machozi, mkanihurumia. Ilikuwa ni aibu. Mimi si mtu wa maneno. Shule niliiacha mapema na kazi yangu ni ya mjengo hapa Kitengela. Nitasema tu vile ilivyokuwa.

Mama alihama Ukambani na kunde zake nyekundu, ndogo ndogo, zenye jicho jeusi. Hukomaa upesi. Mvua ikikata mapema, zenyewe zimeshafunga maganda. Alizichanganya na majivu, akazifungia katika mitungi ya plastiki. Wanawake majirani, Wakamba kwa Wamaasai, walipanda mbegu kutoka kwake, na desturi yao ilikuwa hii: ukichukua kikombe kimoja, ukivuna unarudisha viwili. Kwa hivyo mbegu iliyokaa kwa mama haikuwa ya mama peke yake. Hilo nilijua. Msije mkafikiri sikujua.

Asubuhi ya mazishi, basi la watu wa Ukambani liliingia na watu wengi kuliko tulivyopanga. Waliokuwa jikoni wakaniambia mahindi yatatosha, maharagwe hapana. Mimi ndiye kifungua mimba. Wenzangu wa mjengo walikuwa njiani, na msimamizi wetu pia. Niliogopa waseme mama amezikwa wageni wakiwa na njaa. Nikaingia stoo, nikatoa mitungi.

Mama mdogo, dada yake mama, alinishika mkono pale mlangoni.

"Hizo ni mbegu," akasema.

Nikamjibu, "Mama mdogo, watu kwanza. Mbegu zinauzwa hapo Kitengela. Nitanunua."

Hakubishana nami mbele ya wageni. Nilienda kwenye bomba nikaosha majivu kwa mikono yangu. Maji yalitoka ya kijivu, nikamwaga, nikaosha tena mpaka yakawa safi. Githeri, yale mahindi na kunde pamoja, ilisifiwa sana. Hao wanawake majirani pia walikula. Kunde za kula hazikukosekana kwa mama alipokuwa mzima, sasa nani angefikiria kuna mtu ameshika za kupanda?

Mwezi wa kumi mawingu yalianza kukaa, wanawake wakaja na mifuko yao midogo kuchukua mbegu. Walinikuta narekebisha paa la mama. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli. Nikasema wadudu waliingia, nimetupa zote.

Sasa nawaambia kitu kilichonivunja. Hawakunikasirikia. Walinipa pole. Mmoja akawaambia wenzake kwamba pengine mama alipozidiwa alisahau majivu, na wote wakakubali, mgonjwa angefanya nini. Mama yangu, ambaye mdudu hakuwahi kuingia mtungi wake, akabebeshwa uzembe akiwa hapo nyuma ya nyumba, udongo wa kaburi bado haujashuka. Nami nikanyamaza. Hata niliwashukuru.

Walinunua mbegu ya duka. Si mbegu mbaya, lakini hiyo ilitaka mvua ndefu. Mvua ilikata kunde zikiwa kwenye maua. Nilipoenda nyumbani Desemba nilimkuta mama mdogo aking'oa mashina makavu awape mbuzi. Tangu mazishi alikuwa akinisalimia bila kusimama. Siku hiyo alisimama.

"Mwaka ule ng'ombe walikufa hapa, tulilala njaa mitungi ikiwa chini ya kitanda," akasema. "Mama yako hakuifungua. Na sasa wanasema alisahau majivu."

Akarudi kwa mashina yake. Mimi nilishindwa hata kuingia nyumbani.

Jumapili iliyofuata wanawake walikutana baada ya ibada, nikaomba kusema. Niliwaeleza yote, mitungi, bomba, na ule uongo wa wadudu. Halafu mama mmoja mzee akasema, "Kumbe ndiyo maana githeri ilikuwa tamu. Tulikula shamba letu na tukaomba tuongezwe."

Wengine walicheka. Mmoja hakucheka. Aliniambia njaa ya wageni angeielewa, lakini kumsingizia marehemu hapana. Nilimwambia ni kweli, kwa sababu ni kweli.

Hapo ndipo akasimama mama Mmaasai tunayepakana naye, ambaye sote tunamwita yeyo, yaani mama kwa Kimaasai. Alisema alichukua kikombe kwa mama kabla mama hajaugua. Mbuzi wakavunja ua, akavuna kidogo tu, akashindwa kurudisha viwili. Tangu hapo alikuwa anazunguka njia nyingine ili asipite kwenye geti la mama. Kila msimu alipanda mashina machache kando ya boma kwa ajili ya mboga, akiacha maganda mengine yakauke. Hata wenzake walipotafuta mbegu hakujua aanzie wapi kusema anazo.

"Ziko kwa mkebe," akasema. "Nilikuwa naona haya kuzileta. Lakini kama wewe umeweza kusema hilo lako, langu ni dogo."

Mkebe wenyewe ulikuwa wa mafuta ya kupikia, haukujaa hata nusu. Mwaka jana tulizipanda msimu wa kwanza, hakuna aliyekula ila majani. Tukazirudisha zote udongoni msimu wa pili. Mimi nililima, nikazungushia miiba. Jina la mama walilisafisha wenyewe, walipita kila nyumba walikokuwa wamesema yale ya majivu.

Namshukuru yeyo. Namshukuru mama mdogo, na yule ambaye hakucheka. Nanyi nawashukuru, mmenivumilia. Neno langu kwenu ni dogo: mbegu ya watu wengi isikae nyumba moja. Na kama umemkosea marehemu wako, usiwalilie tu watu, waambie ulichofanya. Pengine aliye na dawa amekaa hapo karibu, anaona haya kama wewe.

Jumamosi iliyopita wanawake waligawana mbegu tulizovuna, kila nyumba fungu lake. Nilikuwa nimekuja na mfuko wangu. Mwenyekiti wao alifika kwangu akasema, "Wewe ngoja msimu mwingine, tukuone." Nikasema sawa, nikaukunja mfuko nikautia mfukoni. Mama mdogo akajaza chupa yake, akatia majivu, akakaza kifuniko. Akaniita nyumbani kwake, akanipa ile chupa nimwekee juu ya kabati, mahali yeye hafiki. Nikapanda kwenye kiti, nikaiweka.