Bachisio Loddo, Aliyezika Maharagwe Yakiwa na Maua

Bachisio Loddo alizaliwa tarehe 11 Novemba 1939 hapa Orrunele, Sardinia, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mtoto wa kwanza wa mzee Gavino Loddo na mama Mariangela. Wasifu huu ulikuwa uandikwe na mwanawe, Antioco, lakini kila akishika kalamu machozi yalimzidi. Kazi ikamwangukia dada wa marehemu, Grazietta, mdogo wake kwa miaka minne, ambaye machozi yake juu ya Bachisio yalikwisha zamani. Padri alimsihi aandike kwa upendo. Grazietta alimjibu kwamba ataandika kwa ukweli, na upendo ukijitokeza njiani hataufukuza.

Majira ya baridi ya 1946 yalikuwa ya njaa. Nyumba ile ilikula maharagwe mapana asubuhi, mchana na jioni, mama akiyachemsha na shamari ya porini ili watoto wasiyachoke. Bachisio alikula kuliko wote. Jambo hilo likumbukwe.

Alimaliza darasa la tano hapa kijijini Juni 1951, na kati ya 1953 na 1956 alisoma shule ya kilimo mjini Oristano. Mwalimu mmoja wa huko alimjaza kichwani kwamba maharagwe mapana yana kazi kubwa kuliko kuliwa: uyapande Oktoba, uyaache yafunge maua, kisha uyakate kabla ya kuzaa, uyakatekate, uyafukie, na udongo utashiba. Mwaka 1957 alikwenda Turin kufanya kazi kiwandani. Familia iliomba Mungu kwamba kelele za mashine zitamtoa kichwani somo lile. Alirudi Desemba 1964 nalo lote, pamoja na koti zuri.

Machi 1965, bila kumuuliza mtu, Bachisio alichukua mundu akaangusha maharagwe yote ya bustani ya baba, yakiwa yamejaa maua meupe yenye doa jeusi na nyuki juu yake. Mama alipotoka na kikapu alikuta yamelala chini. Alipiga magoti akaanza kuyakusanya kwenye aproni, kana kwamba yangeweza kusimamishwa tena.

"Mama, acha," Bachisio alisema. "Ni mbolea hiyo."

"Ni chakula hicho," mama alimjibu. "Ulisahau lini?"

Grazietta alikuwa amesimama mlangoni. Hakumsamehe siku ile, na hata leo mbele ya jeneza hili hajamsamehe. Baba, kwa kuchoshwa na ugomvi, aliigawa bustani katikati kwa ukuta wa mawe unaofika kiunoni, ili kila mtoto awe mwendawazimu upande wake.

Kuanzia 1966 hadi 1999 marehemu alifungua na kufunga milango ya mifereji ya maji ya umwagiliaji. Alikuwa mwaminifu kazini, hilo halina ubishi, ingawa Grazietta alimshtaki mara mbili kwamba anajipendelea maji. Aliamini hivyo kwa sababu hakukuwa na njia nyingine ya kueleza zile nyanya. Upande wa Bachisio nyanya moja ilijaza kiganja. Upande wa Grazietta zilikuwa za kumpa mtoto achezee.

"Si maji, dada," alikuwa akisema kutoka ng'ambo ya ukuta, huku ameng'oa mzizi wa haragwe na kuupasua vinundu vyake kwa kucha. "Tazama ndani, vyekundu kama nyama. Hii ndiyo mboga ya udongo. Wewe ukingoja punje, utamu wote unapanda juu, unakwenda tumboni mwako."

"Basi umefika mahali pake."

"Na udongo utakula nini?"

"Udongo hauna mdomo, Bachisio! Mama alikuwa nao!"

Mazungumzo ya aina hiyo yalifanyika kila Machi kwa miaka hamsini na saba, na majirani walitoa viti nje kuyasikiliza.

Tarehe 22 Aprili 1967 marehemu alimwoa Bonaria Piras, mwanamke mwenye subira ambayo hakuna aliyejua ilitoka wapi. Walijaliwa Antioco na Speranza. Lakini mnajua desturi yetu ya Kanivali, sikukuu ya kabla ya Kwaresima: chungu kimoja cha maharagwe na mbavu za nguruwe pale uwanjani, na kila nyumba inaleta bakuli la maharagwe makavu ya bustani yake yenyewe. Mwaka 1983 Bachisio, aliyepanda maharagwe mengi kuliko mtu yeyote Orrunele, alifika uwanjani na chupa nne za mchuzi wa nyanya.

"Maharagwe yako wapi, mzikaji?" watu walimpigia kelele.

"Yamo humu ndani ya chupa," alisema, bila aibu hata kidogo.

Jina la Mzikaji lilimganda siku ile. Aibu aliyokosa yeye ilihamia kwa dada yake. Tangu mwaka uliofuata Grazietta alibeba mabakuli mawili, moja la nyumba yake na moja la nyumba ya Loddo. Alibeba hivyo hadi mwezi uliopita, akiwa na miaka sabini na tisa na goti moja zima.

Sasa lisemwe lile ambalo marehemu hakutaka lisemwe. Mtu anayekata maharagwe kabla hayajazaa hana mbegu. Bachisio alijaribu mbegu za dukani, nusu zikaoza. Kwa hiyo kila Oktoba wifi Bonaria alizunguka kwa mlango wa nyuma wa Grazietta akiwa na mfuko mtupu chini ya shali.

"Wifi, asijue," alisema.

"Anadhani unazitoa wapi?"

"Hajawahi kuuliza."

Grazietta alimjazia mfuko, tena zile kubwa kubwa, maana hakutaka isemwe kwamba mbegu za Loddo ni dhaifu hata zinapokwenda kuuawa. Bonaria alifariki mwaka 2011. Oktoba ya mwaka ule alikuja Bachisio mwenyewe, kwa mlango wa mbele, na mfuko uleule. Alimnyooshea. Grazietta akaupokea. Akaujaza. Ndivyo ilivyokuwa kwa miaka kumi na miwili, na msidhani walipatana, kwa sababu Machi ikifika aliyakata maharagwe mbele ya macho ya dada yake kama kawaida.

Figo zilianza kumsumbua Januari 2022. Oktoba iliyopita alipanda maharagwe yake akiwa ameketi kwenye kiti cha jikoni, akikisogeza kutoka shimo hadi shimo. Februari alilazwa Oristano. Dada yake alimtembelea Jumanne ya wiki hii, akamkuta mdomo umekauka lakini haujapumzika.

"Yamefunga maua?" aliuliza.

"Yamefunga."

"Nusu yangu nimekuandikia wewe. Antioco hataki bustani. Yakate, Grazietta. Usingoje punje."

"Nitangoja, kaka. Nitayala yote na mkate na jibini, wewe ukiwa chini huwezi kunifanya kitu."

Bachisio aligeuza uso kuelekea ukutani. "Hujui hata kufukia," alisema. Hayo yalikuwa maneno yake ya mwisho kwa dada yake. Alifariki Alhamisi tarehe 16 Machi 2023, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini na mitatu.

Leo alfajiri Grazietta aliruka ule ukuta, kama kuruka ndilo neno lake, akiwa na mundu wa marehemu. Alikwenda kutazama tu. Maua yalikuwa yamejaa na nyuki wameshaamka, na vidole vyake vilipoingia kwenye udongo ule viliingia hadi kifundo cha mkono wake kikagusa majani. Upande wake udongo hupokea kucha tu. Aliyakata. Mistari yote kumi na minne, na kuyakatakata. Alilia kwa hasira kila hatua. Mwanzoni mwa mstari wa mwisho alikuta ganda moja, la kwanza la mwaka, refu kama kidole kidogo. Bachisio angesema dada amechelewa kukata.

Marehemu ameacha mtoto wa kiume Antioco, binti Speranza, wajukuu watatu, ukuta mmoja, na dada mmoja asiyejua kufukia. Ganda lile liko mfukoni mwa dada huyo sasa hivi. Haliwekwi kaburini, maana mwenyewe angelihesabu kuwa halitoshi hata kulisha kiganja cha udongo. Jeneza likishashuka atalipasua na kula punje zake mbichi, kwa chumvi, hapa hapa mbele yake, na yeyote mwenye neno aseme na marehemu.

Apumzike kwa amani, kaka yetu, na huko aliko awaache watu na udongo wao. Kuanzia Oktoba, mbegu zitapandwa pande zote mbili.